Hesabu Hadi Arobaini

Siku Khayesi alipostaafu tulimkatia keki
ndani ya chumba cha sampuli, jambo lililokatazwa,
tukampa saa ya ukutani na bahasha.
Alipovuka lango letu pale Ngara
aliuvusha mfumo mzima, kichwani mwake,
na askari hakumpekua.

Jumatatu stima ikapotea, ikarudi,
na kompyuta ikaanza kuipa damu ya leo
majina ya jana.
Kichanga cha siku mbili kikasomeka babu wa miaka sabini na mmoja,
anasubiri kipimo cha tezi dume.
Printa ikatoa lebo tupu, nyeupe, zisizokatika,
ulimi mrefu wa mtu anayetucheka.

Nikampigia. Kuku walilia nyuma yake huko Shinyalu.
"Zima kile kisanduku kidogo kwanza.
Hesabu hadi arobaini, ndipo uwashe.
Si thelathini, bwana. Arobaini."
Nikahesabu. Ikatii.

Siri ya mtungi aijuaye kata, ndivyo tulivyolelewa.
Haya. Na kata ikishapanda basi la usiku kwenda kwao,
mtungi ukabaki hapa, na kiu ikabaki hapa?

Nilinunua kaunta buku River Road, jalada gumu.
Ukurasa wa kwanza: Hesabu hadi arobaini.
Wa pili: Stima ikirudi, usiiamini saa ya mashine.
Wiki tatu hakuna aliyeongeza neno,
ila vikombe vya chai, vilivyotia mihuri yao.

Kisha Ntinyari wa Kariobangi akaja kuazima vitendanishi,
akasoma akiwa amesimama, mkoba begani.
"Kwetu ni sitini," akasema.
Akaomba kalamu.

Hapo ndipo lilipoanza kutembea.
Lilikwenda Kangemi ndani ya mfuko wa nailoni,
likarudi na kurasa sita na harufu ya dawa ya kuulia viini.
Halake wa Kabete, apimaye damu ya ng'ombe,
aliandika jinsi mfumo ulivyomdai kila ndama
namba ya kitambulisho cha taifa,
na jinsi ya kuudanganya kwa heshima.
Mutunkei, fundi alipwaye kwa saa,
alituuliza kama tunajua bei ya unga.
Hatukumjibu; swali lilikuwa la haki.
Mwezi mzima hakutupa salamu.
Lakini ukurasa wa thelathini na nne hauna jina,
na hakuna mwingine Nairobi nzima
anayeikata herufi z katikati namna ile.

Ukurasa wa tisa ni wangu.
Niliandika nikiwa na usingizi: Futa foleni, kisha uanze upya.
Mtu wa Dagoretti akafuta.
Watu arobaini na mmoja wakaitwa tena, wakadungwa tena,
mmoja wao bibi aliyekuwa na mishipa myembamba kama uzi wa kushonea.
Wenzangu walitaka kuuchana.
Nikakataa. Nikauandika juu kwa wino mwekundu:
Mimi, Kasyoka, nilikosea. Usifuate hili. Sababu ziko chini.
Nasikia ndio ukurasa unaosomwa zaidi.

Sasa kila maabara ina nakala kwenye kompyuta yake,
na kila Ijumaa mmoja wetu hukusanya mapya.
Khayesi tulimtumia yote.
Alijibu mstari mmoja:
"Mbona arobaini, hata mimi sijui.
Niliambiwa na aliyenitangulia."
Tuliuongeza nao.

Jana usiku stima ilikatika tena.
Nilikuwa koridoni, funguo mkononi, nikielekea nyumbani.
Ndani alikuwamo Sein, mwanafunzi, siku yake ya nne.
Hakuniita.
Nilisikia karatasi ikifunuliwa, kaunta buku lile lile la kale,
tochi ya simu ikapita ukutani,
kisha sauti ndogo gizani, bila haraka:
thelathini na saba,
thelathini na nane